Huyu ni dumuzi au tumemsingizia? Tunachambua ufunguo wa kutambua wadudu wa nafaka

Nianze kwa kukiri kosa. Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili nilimfanya shangazi yangu wa Mbagala auze magunia mawili ya mahindi kwa bei ya chakula cha kuku, kwa sababu ya mdudu ambaye hakuwemo kabisa kwenye magunia hayo.

Ilikuwa hivi. Mahindi yalitoka kijijini, yakawekwa chumba cha uani juu ya chaga ya mianzi ili yasiguse sakafu, maana sakafu ile masika hutoa unyevu. Baada ya miezi miwili hivi shangazi akaona unga laini chini ya chaga, na ndani ya unga vidudu vyeusi vyembamba, kila kimoja kama ncha ya penseli iliyovunjika. Akapiga picha, akanitumia WhatsApp. "Mwanangu, si wewe ndiye unasomea wadudu? Hawa ni nani?" Mimi nilikuwa kwenye daladala. Nikaitazama picha, nikajibu kwa kujiamini kabisa: "Shikamoo shangazi. Hao ni dumuzi, wahi kuyatoa hayo mahindi." Akawahi. Jirani anayefuga kuku akayabeba siku hiyo hiyo.

Wiki mbili baadaye nilipita kumsalimia, nikakusanya vidudu vilivyobaki chini ya chaga nikavitia kwenye kichupa chenye spiriti. Nilipoviweka chini ya hadubini ndipo mwili ukaniisha nguvu.

Kilichonisuta ni kitabu, na kitabu hicho ndicho ninachotaka tukichambue leo. Kinaitwa Insects and Arachnids of Tropical Stored Products. Waandishi wake ni Dobie, Haines, Hodges na Prevett. Kilitoka Slough, Uingereza, mwaka 1984 kama kitabu cha mafunzo, na toleo la pili, lililohaririwa na Haines, likatoka Chatham mwaka 1991. Nakala yangu ni fotokopi ya fotokopi. Nalisema hili mapema kwa sababu linahusu uchambuzi wenyewe: mchoro wa mdudu uliochorwa kwa vidoti vidogo vidogo, ukipita kwenye mashine ya fotokopi mara tatu, unakuwa doa jeusi lenye miguu sita. Nusu ya lawama nitakazotoa huenda ni za mashine, siyo za waandishi.

Sasa, kitabu cha namna hii hakisomwi kama riwaya. Moyo wake ni ufunguo. Unapewa maelezo mawili yanayopingana, unachagua moja linalomfaa mdudu wako, unapelekwa kwenye namba nyingine, unachagua tena, mpaka ufike kwenye jina. Ni kama kuelekezwa nyumba ya mtu Tandika: ukishuka kituoni nenda mpaka kwenye mashine ya kusaga, kata kushoto, utaona geti jeusi. Maelekezo ni mazuri tu kwa yule anayeyatoa, kwa sababu yeye nyumba anaijua. Wewe unayekwenda mara ya kwanza unafika mtaani unakuta mageti meusi manne.

Kwa hiyo swali langu kama mchambuzi siyo kama ufunguo una majina sahihi. Majina yapo. Swali ni kama maelekezo yake yanamfikisha mgeni. Nikiwa nimehangaika nao kwa miaka miwili sasa, nimepata kipimo kimoja ambacho naona kinafanya kazi karibu kila hatua: hatua nzuri inamlinganisha mdudu na yeye mwenyewe, na hatua mbaya inamlinganisha na mdudu mwingine ambaye hayupo mezani. Tukipime kwa wadudu watatu ambao kila jiko la Dar linawajua hata kama halijui majina yao.

Wa kwanza ni dumuzi mwenyewe, Prostephanus truncatus. Huyu si mwenyeji wetu. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 upande wa Tabora, na taarifa rasmi ya kuwepo kwake ikachapishwa mwaka 1981. Mwaka 1983 alikwishaonekana Taveta, Kenya, na mwaka 1984 akaripotiwa Togo, ng'ambo kabisa ya bara. Wakulima wa huku walimpa jina jingine, Scania, kama lile lori. Ukiona kazi yake hutashangaa. Utafiti uliofanyika Tanzania ukachapishwa mwaka 1983 ulikuta mahindi ya magunzi yaliyohifadhiwa kwa miezi mitatu hadi sita yamepoteza uzito kwa wastani wa asilimia 8.7, na kuna mahali hasara ilifika asilimia 34. Kwenye makopa ya muhogo hali ni mbaya zaidi.

Chini ya hadubini ya kupasulia, kwa kukuza mara 20 hivi, dumuzi ni kama bomba fupi lenye urefu wa milimita 3 hadi 4.5. Kichwa hakionekani kwa juu. Kimejificha chini ya ngao ya kifua kama mtu aliyejifunika kofia ya koti la mvua. Wengi wa familia yake, Bostrichidae, wako hivyo, kwa hiyo kichwa hakikusaidii. Unamgeuza uangalie nyuma. Magamba yake ya mgongoni yanafika karibu na mwisho halafu yanakatika ghafla kwa mteremko mkali ulio bapa, na pembeni mwa mteremko huo kuna ukingo ulioinuka. Anaonekana kama muwa uliokatwa kwa panga. Neno truncatus lenyewe ni la Kilatini na maana yake ni hiyo hiyo, aliyekatwa. Horn alimpa jina hilo mwaka 1878, miaka mia moja hivi kabla hajafika Tabora.

Hii ndiyo hatua nzuri. Huhitaji kuwa na mdudu mwingine wa kulinganisha. Ama nyuma kumekatwa bapa kwa ukingo, ama kumeviringika. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akionyeshwa mara moja hasahau.

Vidudu vya shangazi nyuma vilikuwa vimeviringika. Kisha, kwenye ngao ya kifua, karibu na inapokutana na magamba, kulikuwa na vishimo viwili vifupi kama alama za vidole kwenye donge la ugali. Huyo ni Dinoderus, binamu wa dumuzi, na chakula chake kikuu ni mianzi mikavu. Ule unga haukuwa wa mahindi. Ulikuwa wa chaga.

Ukiniuliza kama ningeweza kukisia tu bila hadubini, kwa vile wadudu walikuwa kwenye mianzi, jibu ni hapana, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Dumuzi naye anatoboa mbao na miti mikavu, na inaaminika kwamba porini huko ndiko anakoishi hasa. Mitego yenye harufu yake humnasa mbali kabisa na mahindi. Kumkuta mdudu kwenye mwanzi hakumwondolei tuhuma, na kumkuta chini ya gunia hakumtii hatiani. Kilichobaki ni umbo la sehemu ya milimita moja ambalo picha ya simu iliyopigwa chumba cha uani haiwezi kulionyesha.

Na usidhani ni ubishi wa wasomi tu. Dumuzi alipoingia, dawa za unga zilizokuwa zikitumika dhidi ya fukusi hazikumtosha. Pirimifosi-methili inawaua fukusi vizuri lakini kwa dumuzi ni dhaifu. Permethrini inamuua dumuzi lakini kwa fukusi haina nguvu hiyo. Ndiyo maana zikachanganywa pamoja, na mchanganyiko unaouzwa kama Actellic Super ni hizo mbili, asilimia 1.6 ya ya kwanza na 0.3 ya ya pili. Kwa maneno mengine, kipakiti unachokikuta duka la pembejeo kina viungo viwili kwa sababu kuna mtu alikaa akatofautisha wadudu wawili.

Rafiki yangu mmoja wa maabara ananipinga. Anasema siku hizi kuna mifuko isiyopitisha hewa, ile ya PICS na wenzake, ambayo inawanyima wadudu oksijeni wote kwa pamoja bila kuuliza majina, kwa hiyo habari ya spishi imepitwa na wakati. Ni hoja nzuri na kwa sehemu kubwa nakubaliana naye. Lakini hao wanaotoboa mbao wanaweza kutoboa na plastiki. Dumuzi ameonekana akitoboa matabaka ya ndani ya mifuko ya namna hiyo. Jina lake limekataa kustaafu.

Wa pili nampitia haraka. Ni yule mdogo mwekundu-kahawia unayemkuta kwenye sembe iliyokaa. Anaitwa Tribolium, na spishi zinazosumbua ni mbili, castaneum na confusum. Jina la huyu wa pili maana yake ni aliyechanganywa, kwa hiyo walioandika walijua tabu yetu. Ufunguo unakwambia umlaze chali utazame macho. Kwa castaneum nafasi kati ya macho mawili, ukitazama kwa chini, inakaribia upana wa jicho moja. Kwa confusum nafasi hiyo ni kama macho matatu. Tena vipapasio vya castaneum mwishoni vina rungu la pingili tatu lililojitokeza ghafla, vya mwenzake vinanenepa taratibu. Kwetu pwani utakayemkuta mara nyingi ni castaneum, maana confusum anapenda baridi kidogo. Ona uzuri wa hatua hii: jicho la mdudu ndiyo rula. Huhitaji kipimo wala mfano wa pembeni.

Wa tatu ndiye anayenikosesha usingizi, na ndipo ninapokilaumu kitabu, na pamoja nacho funguo zote za aina yake, na zaidi sisi tunaozitumia.

Fukusi. Yule mwenye mdomo mrefu kama mkonga. Kumtambua kuwa ni Sitophilus hakuhitaji hata shule, mtoto anayechambua mchele anamjua. Tatizo linaanza ukitaka spishi. Kwenye nafaka zetu kuna wawili: Sitophilus oryzae, ambaye jina lake linataja mpunga, na Sitophilus zeamais, ambaye jina lake linataja mahindi. Wote wana madoa manne mekundu-njano mgongoni. Wote wana vishimo kwenye ngao ya kifua. Funguo zinakwambia zeamais kwa kawaida ni mkubwa kidogo, anang'aa zaidi, madoa yake yamekolea, na vishimo vyake vimejaa mpaka katikati ya ngao, wakati oryzae ana kimstari chembamba laini kisicho na vishimo hapo katikati.

Mkubwa kidogo kuliko nani? Anang'aa kuliko nani? Haya ndiyo mageti meusi ya Tandika. Aliyeandika alikuwa na kabati lililojaa wadudu waliokwisha kutambuliwa, akainua macho akalinganisha. Wewe una kichupa kimoja, na waliomo wote huenda ni spishi moja au ni mchanganyiko. Katika kila kundi la fukusi kuna wakubwa na wadogo, na utajikuta unawapanga wakubwa mkono wa kulia unawaita zeamais na wadogo kushoto unawaita oryzae. Umegawa ndugu wa tumbo moja.

Tena ukubwa wenyewe una siri. Fukusi anakua ndani ya punje. Jike hutoboa tundu, hutaga yai, huziba, na mtoto hula na kukua humo humo mpaka atoke akiwa mzima. Aliyekulia ndani ya punje ya mahindi alikuwa na chumba kikubwa na chakula tele. Aliyekulia ndani ya punje ya mchele au mtama hutoka mdogo. Kwa hiyo unapopima ukubwa wa fukusi, kwa sehemu unapima ukubwa wa punje aliyozaliwa.

Sasa unganisha hilo na desturi yetu. Nimesoma ripoti na tasnifu za wanafunzi, ya kwangu ya shahada ya kwanza ikiwemo, na karibu zote zinasema fukusi waliotoka kwenye mahindi ni zeamais. Ukitafuta sehemu ya mbinu uone walijuaje, unakuta sentensi moja: wadudu walitambuliwa kwa kutumia funguo za kawaida. Hakuna anayesema alitazama kiungo gani. Ukimbana mwandishi (nilijibana mwenyewe) atakwambia: si walikuwa kwenye mahindi? Mdudu anapewa jina kwa chakula alichokutwa nacho, halafu jina hilo linatumika kuthibitisha kwamba spishi hiyo hula chakula hicho. Tunazunguka mnazi. Ukweli ni kwamba wote wawili wanakula mahindi, wote wanakula mchele, na majina yao ya Kilatini hayawazuii.

Nenda soko la nafaka Tandale uone jinsi desturi hiyo inavyoanguka. Gunia la mchele limeegemea gunia la mahindi, pembeni kuna mtama, chini kuna chenga zilizopepetwa zinazosubiri wafuga kuku. Fukusi wanatembea juu ya yote kama abiria wanaobadilisha gari. Nilinunua kilo moja ya mahindi yaliyobunguliwa na kilo moja ya mchele wa zamani. Mama muuzaji alinitazama kwa huruma: "Mwanangu, mbona unachagua vibovu na vizima vipo?" Nikamwambia nataka wadudu. Akawaita wenzake waje kuona mteja.

Njia ya uhakika ipo, na kwa haki kabisa niseme wataalamu hawaifichi: lazima umpasue umtazame viungo vya uzazi. Dume wa oryzae, uume wake kwa juu ni laini umeviringika. Wa zeamais una mifereji miwili inayokwenda sambamba kwa urefu. Jike ana kipande kigumu chenye umbo la herufi Y: kwa oryzae ncha za matawi ni butu, kwa zeamais zimechongoka na matawi yameachana zaidi. Hapo hakuna kidogo wala zaidi kuliko nani. Ipo mifereji au haipo.

Ila tuambizane ukweli kuhusu kazi yenyewe. Unamlainisha mdudu kwenye maji ya moto, unamng'oa tumbo kwa sindano mbili, unalichemsha taratibu kwenye potasiamu haidroksaidi ili nyama iyeyuke na vipande vigumu vibaki, unasuuza, unaweka kwenye tone la gliserini, kisha unaanza kutafuta kitu kidogo kuliko chembe ya chumvi. Mara ya kwanza nilimaliza mchana mzima kwa fukusi wachache, nusu yao nikawachana vipande. Mara ya pili umeme ulikatika katikati ya kuchemsha. Ufunguo unaiweka kazi hiyo yote ndani ya mistari miwili mitatu, kwa sauti ile ile unayotumia kukwambia utazame madoa. Hii ndiyo lawama yangu kubwa: hatua zote zinaonekana sawa kwenye karatasi, wakati moja ni ya sekunde tano na nyingine ni ya siku nzima yenye asidi ya betri ya uvumilivu wako. Mgeni anapoona hatua ngumu anaruka, anarudi kwenye madoa na ukubwa, na anaandika jina kamili kana kwamba amepasua.

Dume wa kwanza niliyempata mzima kutoka kwenye mchele wa Tandale alikuwa na mifereji miwili. Zeamais, ndani ya mchele. Kwa desturi yetu angeandikwa oryzae bila mtu kupepesa macho.

Unaweza kusema, wote si fukusi tu, dawa ni ile ile, tofauti ina faida gani? Kwa mama wa Tandale kweli tofauti ni ndogo. Kwa anayetafuta chanzo cha wadudu ni kubwa. Zeamais anaruka vizuri, na anaweza kuvamia mahindi yangali shambani kabla hayajavunwa. Oryzae si mrukaji wa namna hiyo. Ukiwachanganya utamlaumu mkulima kwa kosa la ghala au kulilaumu ghala kwa lililoanzia shambani. Na kumbuka wataalamu wenyewe walichanganyikiwa kwa muda mrefu. Linnaeus alimwandika oryzae mwaka 1763, Motschulsky akamwandika zeamais mwaka 1855, lakini kwa miongo mingi watu waliwahesabu kuwa mdudu mmoja mwenye ukoo mkubwa na ukoo mdogo, mpaka Kuschel alipolinyoosha jambo hilo mwaka 1961. Maana yake ukifungua ripoti ya enzi ya Tanganyika ukakuta Calandra oryzae, jina la zamani, huwezi kujua alikuwa yupi, isipokuwa kama kuna kichupa kilichotunzwa mahali unachoweza kukipasua leo. Ripoti zetu za sasa zisizosema kiungo gani kilitazamwa zinakwenda kwenye kapu hilo hilo, na sisi hatuna kisingizio cha kuzaliwa kabla ya 1961.

Niseme kidogo kuhusu programu za simu, maana najua utauliza. Nimezijaribu. iNaturalist angalau ina adabu: mara nyingi inakwambia ina hakika na jenasi kisha inakuachia orodha ya spishi za kuchagua. Nyingine zinakupa jina kamili moja kwa moja, bila kukwambia zimeona nini. Hapo ndipo ufunguo wa mwaka 1984, pamoja na lawama zangu zote na fotokopi yangu mbovu, unazishinda. Ufunguo unakuacha ubishane nao. Niliweza kurudi hatua kwa hatua nikaona ni wapi ningepotea na Dinoderus wa shangazi, nikaonyesha kidole: hapa, nyuma kumeviringika. Programu ikikosea utaibishia nini?

Kuna jambo moja la lugha ambalo kitabu hakina kosa nalo, ila sisi tunalo. Wakulima wa Tabora walipompa yule mdudu jina jipya, walikuwa wameona kitu kipya: unga mwingi kuliko wa fukusi, punje zilizogeuka vumbi. Jina lilikuwa na uchunguzi ndani yake. Lakini jina likisafiri linachoka. Tandale nimesikia kwa masikio yangu fukusi akiitwa dumuzi, na mdudu wa sembe akiitwa dumuzi, na kwangu mimi, msomi wa daladala, Dinoderus alikuwa dumuzi. Kwa Kiswahili hatuna hata ukurasa mmoja wa ufunguo ambao mama mwenye duka la nafaka anaweza kuubandika ukutani: mdomo mrefu upo au haupo, kichwa kimejificha au kinaonekana, nyuma kumekatwa au kumeviringika. Hatua tatu tu. Lenzi ya mkononi ya kukuza mara kumi inatosha. Fukusi aishie kwenye jenasi, asidaiwe zaidi ya hapo.

Vichupa vyangu vya Tandale nimevibandika lebo upya. Madume niliowapasua vizuri wana jina kamili, na chini yake nimeandika "uume, mifereji miwili". Waliochanika, na majike niliyoshindwa kuzisoma Y zao, wameandikwa Sitophilus basi. Msimamizi mmoja alipozitazama aliuliza mbona kazi haijaisha. Nikamwambia imeishia pale mdudu alipoishia.

Shangazi nilimpigia simu jioni ile ile ya hadubini. Nilimweleza yote, mteremko wa nyuma, vishimo viwili, mianzi. Alisikiliza kimya mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mahindi yangu yalikuwa mazima?"

Nikamwambia yalikuwa na fukusi wachache tu, ya kupepeta na kuanika.

"Haya baba. Chaga nimeshaichoma. Magunia yangu mawili utanilipa ukimaliza hiyo shule."